Mkulima Naye Anazeeka

Serikali imewaacha wazee wasio na mshahara wala pensheni wazeeke na ulemavu ambao ungeweza kuzuilika. Hiyo ndiyo hukumu ya gazeti hili, na hatuoni sababu ya kuimung'unya. Tunaitoa tukijua kwamba katika jambo moja taifa limefanya kazi kubwa: Watanzania wanaishi muda mrefu kuliko wazazi wao walivyoishi. Takwimu za sensa ya mwaka 2002 ziliweka umri wa kuishi kwenye miaka 51. Za sensa ya 2012 ziliuweka kwenye miaka 61. Ni nyongeza ya miaka 10 ndani ya miaka 10, iliyoletwa na chanjo, vyandarua na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Wenye umri wa miaka 60 na kuendelea walikuwa kama milioni 2.5 mwaka 2012. Ilipofanyika sensa ya 2022 walikuwa wamevuka milioni 3.

Je, miaka hiyo iliyoongezeka inaishiwaje, na nani anaishi ipi? Shirika la Afya Duniani hupima vitu viwili: umri wa kuishi, na umri ambao mtu huishi akiwa na afya yake. Kwa Tanzania pengo kati ya vipimo hivyo ni karibu miaka 9. Duniani ni karibu miaka 10, na tangu mwaka 2000 umri wa kuishi umekuwa ukipanda kwa kasi kuliko umri wa kuishi na afya. Kwa maneno mengine, sehemu ya miaka tuliyoongezewa tumeongezewa pamoja na maumivu, upofu, kupooza na kusahau.

Wastani huo unawachanganya watu wasiofanana. Ndani yake yumo ofisa mstaafu wa Dodoma mwenye kadi ya bima, anayepimwa presha kila mwezi na kupelekwa hospitali na gari la mwanawe. Yumo pia mjane wa mkulima wa Kishapu, ambaye tangu ajifungue mtoto wake wa mwisho hajawahi kuguswa na daktari. Ukimjumlisha huyu na yule kisha ukagawanya kwa mbili, umepata namba isiyomhusu yeyote kati yao. Waziri akisimama na namba hiyo bungeni, wa Kishapu hayumo.

Tuanze na goti, kwa kuwa mijadala ya afya huliruka. Mwanamke wa kijijini aliyefika miaka 72 amebeba ndoo kichwani kwa miaka 50 na kitu, amebeba kuni, amebeba mtoto mgongoni huku akipalilia. Goti limekwisha. Choo cha nyumbani kwake ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na kiko hatua 30 kutoka mlangoni, kwenye njia isiyo na taa. Kuchuchumaa hawezi, na akichuchumaa hawezi kuinuka mpaka aitwe mtu. Anachofanya wazee wengi wanakijua na hawakisemi: anapunguza kula na kunywa maji. Kikombe cha uji asubuhi, basi, hadi mjukuu arudi shule. Baada ya miezi kadhaa anakonda, anapata kizunguzungu, anaanguka na kuvunjika nyonga. Nyonga ya mtu mwenye bima huwekwa vyuma na baada ya wiki chache anatembea kwa gongo. Ya mkulima hufungwa kwa vijiti, naye hulala mpaka vidonda vya mgongoni vimmalize. Kwenye cheti cha kifo, kama kipo, huandikwa uzee. Kiti cha mbao chenye tundu katikati, kazi ya asubuhi moja kwa seremala yeyote wa kijijini, kingeweza kuukata mnyororo huo mwanzoni kabisa.

Macho nayo yana habari ileile. Mtoto wa jicho ndiye anayeongoza kwa kupofusha watu nchini, na huondolewa kwa upasuaji ambao kwa kawaida haufiki saa moja: lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, ya bandia inawekwa, na kesho yake bandeji inafunguliwa. Ni miongoni mwa matibabu yenye faida kubwa kwa gharama ndogo katika udaktari wote. Hata hivyo vijijini bado tunakuta bibi ameshika ncha moja ya fimbo, na ncha ya pili imeshikwa na mtoto wa miaka 9 ambaye muda huo alipaswa kuwa darasani. Upofu wa mmoja umekuwa hasara ya wawili. Na kabla ya mtoto wa jicho huja kufifia kwa kawaida kwa uwezo wa kuona karibu, kunakoanza kwenye miaka ya 40 na dawa yake ni miwani ya kusomea. Fundi cherehani asiyeweza tena kutunga uzi kwenye sindano amepoteza kazi kwa kukosa kitu kinachotembezwa mkononi na machinga pale Kariakoo. Zahanati ya kijiji chake haina miwani hata moja.

Presha ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haiumi. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ulikuta karibu wazee 7 kati ya 10 wenye miaka 70 na kuendelea wana shinikizo la juu la damu, na wachache sana miongoni mwao walikuwa wameidhibiti. Mwisho wa presha isiyodhibitiwa unajulikana. Utafiti mwingine, uliowahusu wakazi wa Hai na wa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, ulionyesha kwamba baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya wa kiharusi Hai walikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam takriban 316. Wanaodhani jiji ni kimbilio la afya waisome namba hiyo mara mbili. Mjini kuna hospitali nyingi, lakini kuna pia chumvi, kukaa kitako na maisha ya kukimbizana na kodi ya nyumba. Na mjini nako si kumoja. Aliyepata kiharusi Mbezi Beach na aliyekipata Mbagala hawaamki kesho yake katika hali moja: mmoja ana mtu wa mazoezi ya viungo, mwingine ana mkeka.

Tunasisitiza hili kwa sababu wapo watakaosema ulemavu wa uzeeni ni maumbile, na kwamba kila mtu huzeeka. Kuzeeka ni maumbile. Kupooza kwa kukosa vidonge vya bei ndogo si maumbile, wala kupofuka kwa jambo linalotibika kabla ya chakula cha mchana. Hayo ni matokeo ya maamuzi ya bajeti, na maamuzi yana wenyewe.

Inafaa pia kukumbuka wazee hawa ni kina nani. Aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa kijana wa miaka 20 na ushei alipohamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, akajenga upya kwa mikono yake. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokuja, yeye au nduguye alikwenda. Katika miaka ya 1980 alipanga foleni ya sabuni na unga. Kuchangia gharama za matibabu kulipoanza mwaka 1993, alikuwa na watoto wadogo, na kila shilingi iliyopatikana ilikwenda kwao, si kwenye goti lake. Wakati huo UKIMWI ulikuwa umekwisha kuingia; wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Uliwazika wana na wakwe zake na kumwachia wajukuu. Mabibi wa Kagera walilea upya kizazi kizima katika umri ambao wenzao wa nchi tajiri walikuwa wanastaafu. Mwili wa mzee huyu umechakaa kwa kazi ambayo taifa limeifaidi. Kumwambia leo kwamba hakuchangia mfuko wowote wa hifadhi ya jamii ni kumtukana.

Kuhusu hesabu, hapa Afrika Mashariki tumezoea kujidanganya. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilisema watu wenye ulemavu ni asilimia 2.2. Yetu ya 2022 ilisema asilimia 11.2. Hakuna mwenye akili timamu atakayeamini kwamba mtu akivuka Namanga uwezekano wa kuwa na ulemavu unapanda mara 5. Tofauti kubwa iko kwenye mahali mstari ulipochorwa: Kenya ilihesabu wenye shida kubwa tu ya kuona, kusikia, kutembea na mengineyo. Na mstari huo unawagusa wazee kuliko wote, maana wengi wao shida yao ni ya kati, ya kuona kwa taabu na kutembea kwa kujikongoja. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba zaidi ya asilimia 46 ya watu wenye miaka 60 na kuendelea duniani wana ulemavu wa aina fulani. Ukiuinua mstari, mzee anatoweka kwenye hesabu. Akitoweka kwenye hesabu, anatoweka kwenye fungu.

Kuna pia udanganyifu mwingine, wa kimya zaidi. Tukihesabu ulemavu miongoni mwa waliofika miaka 80 tu, tunaweza kukuta maskini hawatofautiani sana na wenye nacho, tukashangilia usawa. Waliokufa hawahesabiwi. Maskini waliokuwa na hali mbaya waliondoka wakiwa na miaka 60 au 65, na waliobaki ni wale wenye miili ya chuma. Ndiyo maana takwimu za uzeeni lazima zitolewe kwa tabaka, kwa kazi aliyofanya mtu, kwa jinsia na kwa mahali, zikionyesha ulemavu na vifo pamoja. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina wataalamu wa kuifanya kazi hiyo. Inachokosa ni agizo.

Wanawake wanastahili aya yao. Wanaishi muda mrefu kuliko wanaume, hapa na karibu kila nchi, na miaka hiyo ya ziada huishi zaidi na ulemavu. Mume huugua akiuguzwa na mke. Mke huugua akiwa mjane, mara nyingi baada ya ndugu wa marehemu kuja kuuliza habari za shamba. Moshi wa kuni wa nusu karne umeyafanya macho yake mekundu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wekundu huo umewagharimu maisha wanawake wazee waliodhaniwa kuwa wachawi. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeyaandika mauaji hayo kwa miaka mingi. Dalili ya ugonjwa imegeuzwa ushahidi wa kosa, na adhabu yake imekuwa panga. Nchi inayojua hivyo na bado haijaweka huduma ya macho na jiko lisilo na moshi katika kila kijiji cha Shinyanga, Simiyu na Geita haiwezi kusema mauaji hayo ni mila tu.

Yapo pia makundi ambayo kwao swali si wanazeekaje, bali wanaufikia uzee au la. Watu wenye ualbino wengi wao huuawa na saratani ya ngozi kabla hawajauona uzee. Kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua, ambayo hospitali ya KCMC mjini Moshi huyatengeneza, vinatosha kuzuia sehemu kubwa ya vifo hivyo. Mafuta hayo yakigawiwa kama fadhila, siku mfadhili akiwepo, matokeo ni kaburi la mtu wa miaka 35. Aliyezaliwa na ulemavu na akafanikiwa kuzeeka naye hukumbana na jambo jingine: gongo na kigari alivyopewa akiwa kijana vimechakaa pamoja naye, na mikono iliyokuwa ikivisukuma haina nguvu tena.

Katika miaka ya 1970 na 1980 wataalamu walibishana iwapo kuishi muda mrefu zaidi huleta miaka ya afya au miaka ya maradhi. Mwaka 1977 Ernest Gruenberg alionya kwamba udaktari unaokinga kifo bila kukinga maradhi utatuletea miaka mingi ya kuugua. Mwaka 1980 James Fries wa Chuo Kikuu cha Stanford akajibu kwamba inawezekana kuyasukuma maradhi hadi ukingoni mwa maisha, mtu aishi vizuri na kuugua muda mfupi. Tangu hapo tafiti zimeonyesha kwamba wote wawili wana ukweli, ila kwa watu tofauti. Wenye elimu na kipato wanaelekea kwenye utabiri wa Fries, maskini wameachiwa wa Gruenberg. Uingereza, yenye huduma ya hospitali bila malipo tangu 1948, bado ina pengo la karibu miongo miwili ya maisha yenye afya kati ya maeneo yake maskini kabisa na tajiri kabisa. Michael Marmot, aliyewachunguza watumishi wa serikali jijini London katika utafiti wa Whitehall ulioanza mwaka 1967, alikuta kwamba hata miongoni mwa watu wenye ajira na mishahara, wa cheo cha chini walikufa mapema kuliko wa juu yao. Ngazi ya maisha inaandikwa mwilini. Kwa hiyo tusidhani kwamba kufungua hospitali ya rufaa katika kila mkoa kutatosha. Tunazihitaji, na tunaisifu kazi ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na ile ya mifupa ya Muhimbili (MOI). Lakini mzee wa kijijini anapofikishwa huko, mapambano yake yamekwisha muda mrefu, kwenye zahanati isiyokuwa na mashine ya presha inayofanya kazi.

Na zahanati hiyo ndiyo tunayoishtaki hasa. Sera ya Taifa ya Wazee ilipitishwa mwaka 2003. Iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, ikaahidi hifadhi, ikaahidi ushirikishwaji. Kwa zaidi ya miaka 20 ilibaki sera, bila sheria ya wazee ya kumbana yeyote. Kilichopatikana ni kitambulisho na dirisha. Mzee anafika kituoni saa moja asubuhi. Ukutani pana bango la kumtaka kila mtu ampishe mzee, na kweli anapishwa. Anaonwa na daktari bila kulipa. Kisha anapewa karatasi na kuambiwa dawa hii haipo, kanunue nje. Duka la dawa halitambui kitambulisho cha mzee. Anaikunja karatasi, anaifunga kwenye pindo la kanga au kuitia mfukoni, anarudi nyumbani. Kwenye taarifa ya robo mwaka ya halmashauri ameandikwa kuwa mzee aliyepata huduma bure.

Tunamuuliza nani? Hapo ndipo ubaya wa mpangilio unapoonekana. Mambo ya wazee yako Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Mambo ya watu wenye ulemavu yako Ofisi ya Waziri Mkuu. Zahanati ziko TAMISEMI. Dawa ziko Wizara ya Afya na Bohari ya Dawa. Mzee mwenye ulemavu, ambaye ni mtu mmoja, amegawanywa mafungu manne, na kila ofisi ina haki ya kusema sehemu yake imetekelezwa. Hata ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawana fungu. Wapo wenye miaka 63 wanaofuga kuku na kusuka mikeka vizuri kuliko vijana wengi, na wakiomba mkopo huambiwa kundi lao halimo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, ni hatua ya kweli. Tutaipima kwa jambo moja: iwapo mzee asiyejiweza ataingizwa kwa jina lake, akalipiwa na Serikali, na akapata dawa zile za kila siku, za presha na kisukari, mahali anapoweza kufika kwa miguu yake. Kadi isiyoleta dawa haitakuwa imebadilisha chochote.

Turudi kwenye fedha, maana huko ndiko tabaka linakoonekana kwa macho. Nchi hii imejadili kikokotoo cha mafao ya wastaafu kwa miaka mingi, na kwa hasira ya haki. Mwaka 2018 malipo ya mkupuo yalipangwa kushushwa hadi asilimia 25, watumishi wakapiga kelele, Rais akasitisha. Mwaka 2022 ikawa 33. Mwaka 2024 Serikali ikapandisha hadi 40 kwa baadhi na 35 kwa wengine. Tulikuwa upande wa watumishi na tutaendelea kuwa upande wao. Lakini katika kelele zote zile hatukusikia chama kimoja, kanda moja, wala kambi moja bungeni ikiuliza kikokotoo cha mkulima wa pamba ni asilimia ngapi. Cha mvuvi wa Ukerewe je? Cha mama lishe? Hawa ndio wengi. Uzee wao haujawahi kusimamisha kikao.

Zanzibar imethibitisha kwamba inawezekana. Tangu Aprili 2016 inamlipa kila mkazi aliyefika miaka 70 pensheni jamii kutoka fedha zake yenyewe, bila kumuuliza alichangia mfuko gani. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya, ambayo Katiba yake ya 2010 katika Ibara ya 57 inataja haki ya mzee kutunzwa na familia na Dola pia, ilianza mwaka 2018 kuwalipa wenye miaka 70 shilingi za Kenya 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Malipo hayo yamelalamikiwa kwa kuchelewa, na kiasi chake kimeliwa na bei za vitu. Hata hivyo mzee anayepokea ana nauli ya kwenda kliniki na ana neno nyumbani. Tanzania Bara tuna TASAF, inayozifikia kaya maskini sana, na inazisaidia kweli. Lakini TASAF hulenga kaya, na mzee anayeishi kwa mwanawe mwenye duka dogo huonekana si maskini hata kama hashiki senti.

Watasema hakuna fedha. Tufanye hesabu hadharani. Wazee milioni 1 wakilipwa shilingi 50,000 kwa mwezi ni shilingi bilioni 600 kwa mwaka. Bajeti ya Serikali ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Hiyo ni asilimia 1.2. Tukianza kama Zanzibar ilivyoanza, kwa shilingi 20,000, ni bilioni 240, yaani chini ya nusu ya asilimia moja. Si fedha kidogo. Ila ni fedha ambayo nchi hii huipata ikitaka jambo, na kila Mtanzania anaweza kutaja magari na safari inapokwenda.

Watasema pia kwamba Mwafrika hutunzwa na wanawe, na pensheni itaua utu wetu. Hoja hii tunaiheshimu, kwa sababu watoto wengi wanajitahidi kweli. Tuwaangalie watoto wenyewe. Wa kwanza ni bodaboda mjini Morogoro, ana watoto watatu na pikipiki ya mkopo. Wa pili yuko Dar es Salaam, anauza matunda. Wa tatu alikufa mwaka 2001. Wakimtumia mama yao shilingi 10,000 kwa simu mwezi huu, mwezi ujao hawatumi, na si kwa kukosa upendo. Kuwaachia hawa gharama za kiharusi cha mama yao ni kuwafanya nao wafike uzeeni mikono mitupu, na ulemavu wa kizazi kimoja ukarithiwa na kinachofuata. Kumtunza mzazi ni wajibu wa mtoto. Kuhakikisha mtoto maskini anaweza kuutimiza ni wajibu wa Serikali.

Gazeti hili linataka mambo yafuatayo yaonekane katika bajeti ijayo, si katika hotuba ya Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba. Wizara ya Fedha iweke kifungu cha pensheni jamii kwa Tanzania Bara, ikianza na wote waliofika miaka 70, bila upembuzi wa nani maskini zaidi, kwani upembuzi huo ndio mlango wa upendeleo wa watendaji. TAMISEMI iamuriwe kwamba kila zahanati iwe na mashine ya presha inayofanya kazi, vidonge vya presha visivyokatika na miwani ya kusomea, na kwamba angalau mara moja kwa mwaka wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapite nyumba kwa nyumba kuwapima wazee macho, presha na mwendo. Wakikuta choo kisichofaa, waandike, na halmashauri ilipe kiti chake. Ofisi ya Taifa ya Takwimu itoe hali ya ulemavu na vifo vya wazee kwa tabaka, jinsia na wilaya. Na Waziri Mkuu ateue ofisi moja, yenye jina na namba ya simu, itakayojibu kwa niaba ya mzee mwenye ulemavu ili asizungushwe kati ya ofisi nne.

Kamati ya Bunge inayohusika ikutane na mabaraza ya wazee ya mikoa kabla makadirio hayajasomwa, na iwasikilize huko waliko, maana wengi wao hawawezi kupanda basi la kwenda Dodoma. Mbunge atakayesimama kuunga mkono makadirio yasiyo na kifungu hicho, tutachapisha jina lake na jimbo lake kwenye ukurasa huu.